Sare, simulizi, jukwaa au mfuko? Njia nne za kumkumbuka Bibi Titi kwa vikundi vya Lindi na Mtwara

Mpwa wangu wa darasa la tatu alivalishwa kuwa Bibi Titi. Doti ya kanga, ushungi, na kipaza sauti cha gunzi la mahindi lililoviringishiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti. Alipendeza mno, kila mwenye simu akamwelekezea. Mgeni rasmi akainama, akamwuliza, "Haya mama, Bibi Titi alifanya nini?" Mtoto akafikiri, akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni, akajibu, "Alivaa kanga."

Watu walicheka, nami nikacheka. Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani kicheko kikaniishia, maana kanga ile nilimfunga mimi. Nilitumia nusu saa kuweka pindo sawa, na sikumweleza hata neno moja huyo bibi alikuwa nani.

Sasa kikundi chetu, akina mama 28 wa kikoba hapa Lindi mjini, tuna mapendekezo manne mezani ya namna ya kumkumbuka Bibi Titi, na hatuelewani. Walimu wawili wa Mtwara na wenzetu wa Mikindani wameniuliza swali hilo hilo. Basi nimeyaweka mapendekezo yote hapa, kila mtu apime kwa mizani yake.

Kwanza, tunamkumbuka nani?

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, asili yake Umatumbi, kwa hiyo watu wa Kilwa wana haki ya kumdai. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 aliingia pamoja na mumewe, Boi Selemani, dereva wa teksi, na mwaka uliofuata akakabidhiwa sehemu ya wanawake ya chama. Hakuanzia kwa wasomi. Alianzia kwa aliowajua: wanawake wa vikundi vya ngoma, wapika pombe, wafanyabiashara wadogo wa mitaani. Wakaingia kwa maelfu.

Baada ya Uhuru alikuwa naibu waziri, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwaka 1965 alipoteza ubunge. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967 alijiuzulu Kamati Kuu. Alikuwa na nyumba za kupangisha na Azimio halikutaka kiongozi mwenye nyumba. Oktoba 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1972. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akiwa hospitalini Johannesburg. Dar es Salaam kuna barabara kubwa yenye jina lake, na wengi wanaipita kila siku wakiwaza foleni tu.

Mizani yenyewe

Nimepima kila njia kwa mambo manne. La kwanza ni gharama, ya pesa na ya pilikapilika. La pili, je, aliyekuja hamjui atatoka anamjua? La tatu nimeliita sehemu chungu: je, kesi na kifungo vinapata nafasi, au tunasherehekea nusu ya mtu? La nne ni kesho yake, turubai likishakunjwa na viti vya kukodi vimerudishwa, kitu gani kimebaki mikononi mwa watu?

1. Sare na maandamano

Niitetee sare kwanza, maana siku hizi kuibeza ni fasheni. Katika pwani hii vikundi vya lelemama vilivaa sare kabla hata siasa haijaanza. Nguo ilikuonyesha mwenzio ni wa chama gani, nani atakuja kwenye msiba wako na nani hatakuja. Wanawake wa vikundi vya namna hiyo walipoitwa TANU walikuwa wameshazoea kuchanga, kuchagua viongozi na kutii zamu. Kwa hiyo mama anayesema "bila sare hainogi" ana hoja yenye mizizi.

*Gharama.* Hapa ndipo panaponiuma. Mwaka juzi tulikubaliana kitenge kimoja, na ukijumlisha ushonaji wa fundi, kila mama alitakiwa kutoa kama elfu 30. Kati yetu 28, tisa hawakuweza. Hakuna aliyewafukuza. Wao wenyewe hawakutokea, mmoja akasema mtoto anaumwa, mwingine akasema yuko shamba. Tukaandamana 19 kwa heshima ya mwanamke aliyewakusanya wapika pombe.

*Kumjua.* Kidogo sana. Mwandamanaji anajifunza njia ya kwenda Uwanja wa Ilulu, ambayo alikuwa anaijua.

*Sehemu chungu.* Haina mlango wa kuingilia. Bango lina maneno sita, na risala ina itifaki ndefu.

*Kesho yake.* Nguo inabaki, na hilo si dogo. Mama mmoja wa kwetu bado anaivaa ile ya mwaka juzi akienda kliniki. Lakini kitenge ni bubu. Kanga ina mji, ina pindo, na ina jina. Ndiyo maana kikao kilichofuata mmoja wetu alishauri tuchague kanga na tutunge jina letu. Zilikuja "Uliimba tukaamka" na "Gereza halifuti wema", tukabishana wiki mbili nzima. Katika wiki hizo mbili nilisikia maswali mengi kuhusu mwaka 1969 kuliko niliyowahi kuyasikia katika maandamano yote niliyotembea. Kanga yenyewe hatukuichapisha, maana kiwanda kinataka oda ya maelfu. Tulichofanya baadaye hakikugharimu hata senti: kila mmoja afungue sanduku lake, achague kanga aliyonayo ambayo jina lake linamfaa Bibi Titi, na asimame aeleze kwa nini.

Njia hii inawafaa wanaotaka kuonekana barabarani: vikundi vya kata, watumishi, vyama vya wafanyakazi siku ya 8 Machi. Inawafaa pia wenye mkoba mdogo, mradi sare iwe kanga ya sandukuni.

2. Kuwarekodi bibi zetu

Aliyekuwa msichana wa miaka 15 mwaka 1955 sasa amepita 80. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwa nini jambo hili halina mwakani.

Mwaka jana tulivuka watatu kwa pantoni kwenda Kitunda kumwona bibi mmoja, mama mzaa mama wa mwenzetu. Hatukuanza na maswali. Alituwekea kwanza sahani ya ming'oko na chumvi ya pilipili, na usipokula hapo hakuna mazungumzo. Tulipompa simu iliyokuwa inarekodi aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kifaranga. Bibi Titi hakuwahi kumwona kwa macho, alimsikia tu kwa waliotoka Dar es Salaam. Ila alikumbuka kadi. Mumewe alikuwa karani wa serikali, na watumishi wa serikali ya mkoloni walikatazwa kujiunga na siasa.

"Kwa hiyo kadi ikawa yangu mimi," akasema. "Ikakaa kwenye pishi ya mchele. Nani atatafuta siasa kwenye mchele?"

Kisha akaimba nusu ya wimbo, jogoo akawika juu yake, akacheka na wimbo ukampotea. Wakati wa kuaga alimshika mjukuu wake mkono. "Mngekuja siku zile dada yangu yu hai. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno."

*Gharama.* Nauli ya pantoni, kilo ya sukari, sabuni mche. Gharama yenyewe ni muda. Ziara moja haitoshi, maana siku ya kwanza mzee anakupima na siku ya pili ndipo anapozungumza. Mjue pia bibi akikolea atahamia Kimwera au Kimakonde, kwa hiyo nendeni na mjukuu anayesikia lugha. Ombeni ruhusa mbele ya familia kabla ya kubonyeza kitufe, na akisema "hili msilitoe" lisitoke.

*Kumjua.* Aliyekwenda anajua kwa undani. Aliyebaki nyumbani hajui chochote, na huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Isitoshe, unaweza kurudi na habari nyingi za pishi za mchele na chache za Bibi Titi. Mimi naona hiyo ni faida, mwenyekiti wetu anaona tumetoka nje ya mada.

*Sehemu chungu.* Inaingia yenyewe bila kuitwa. Wazee wanaijua kesi ile. Ukiitaja wanashusha sauti kwanza, ndipo wanaendelea.

*Kesho yake.* Inategemea uangalifu. Rekodi yetu ya kwanza kabisa ilifutika kwa sababu mimi mwenyewe niliikabidhi simu kwa mtoto acheze mchezo. Tangu hapo tunatoa nakala tatu siku ile ile: moja kwenye flashi ya kikundi, moja kwa familia, moja kwa mwalimu wa historia.

Inawafaa watu wachache wenye subira, klabu ya historia ya sekondari, familia yenye bibi yake hai, mwanafunzi wa chuo aliye likizo. Kikundi kinachopenda shangwe kitachoka ziara ya pili.

3. Jukwaa: ngoma, igizo, hotuba

Ukitazama alivyofanya kazi yeye mwenyewe, njia hii ndiyo iliyo karibu naye zaidi. Alitoka kwenye ngoma, na kilichomfanya ajulikane ni kusimama mbele ya watu na kusema, wakati ambapo mwanamke wa pwani hakutazamiwa hata kusimama.

*Gharama* ni ya wastani: spika, turubai, nauli na chakula cha wachezaji, taarifa kwa serikali ya mtaa mapema. Shule yenye uwanja inaokoa nusu.

*Kumjua.* Umati unajifunza kwa mkupuo mmoja, kama mwongozo wa igizo umeandikwa na mtu aliyesoma. Nimeshaona igizo ambalo mhusika aliyependwa kuliko wote alikuwa mzungu mwenye pua ya karatasi. Watoto walimshangilia dakika ishirini, Bibi Titi akaingia mwishoni kupunga mkono. Hatari nyingine ni kumtungia maneno. Asitamkishwe hotuba ambayo hakuitoa. Awepo msimulizi, yeye aonyeshwe akifanya.

*Sehemu chungu.* Walimu wengi wanaiogopa, nami siwalaumu. Kuna ujanja mmoja rahisi: jukwaa likiwa tupu, sauti isome tarehe tu. Oktoba 1969, akakamatwa. 1970, kesi. Kifungo cha maisha. 1972, akaachiwa. Baada ya hapo msichana aingie na kanga ile ile aliyotoka nayo. Hakuna aliyetukanwa, na hakuna kilichofichwa.

*Kesho yake.* Sindimba ikiisha vumbi hutulia, lakini shindano la hotuba la wasichana huacha kitu. Dakika tatu, bila karatasi, kuhusu jambo la mtaani: foleni ya maji, taa za barabara, bei ya daladala. Msichana aliyewahi kushika kipaza sauti cha kweli, si cha gunzi, mara ya pili hatetemeki vile.

Ni njia ya shule, vikundi vya utamaduni, madrasa na vijana wa kanisa. Kikundi kisicho na mtu wa kuandika na kusimamia mazoezi mwezi mzima kikae mbali nayo.

4. Mfuko wenye jina lake

Hesabu ni nyepesi. Wanawake 28, kila mmoja shilingi 1,000 kwa wiki, ni 28,000, na kwa wiki 52 ni 1,456,000. Ada ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu 2016, na cha tano na sita tangu 2022, kwa hiyo pesa hiyo iende pale ambapo mzazi bado anabanwa: nauli, sare ya shule, godoro la bweni, taulo za kike.

*Gharama* inagawanyika hadi haionekani, ila inadai uvumilivu wa mwaka mzima. *Kumjua:* karibu sifuri. Msichana atajua godoro lilitoka kwa akina mama, na jina kwenye daftari la mweka hazina halimfundishi kitu. *Sehemu chungu:* haigusi. *Kesho yake:* hapa inazishinda zote, kama daftari ni safi. Nimewahi kuwa kwenye mfuko mwingine uliokufa mwaka wa pili. Mweka hazina alisema pesa ipo, na pesa ilikuwa ipo kweli, kwenye bati za nyumba yake.

Inawafaa vikoba vilivyokwishazoea kukaguana. Vikundi vipya vianze na kingine.

Tarehe nayo ina maneno yake

Hili watu hulipuuza, na huku kusini linaweza kuvuruga kila kitu. Tarehe 8 Machi kila ofisi ina shughuli, kwa hiyo umati upo, lakini ni mvua, ni palizi, na mifuko imekauka. Ukidai sare mwezi huo unadai mkopo. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni kiangazi, barabara za vijijini zinapitika. Ni wakati mzuri wa kuwafuata wazee. Tarehe 5 Novemba ndiyo yake hasa, na imeangukia kwenye msimu: minada ya korosho inaendelea na malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yanaingia. Kibaya chake, Novemba ni mwezi wa mtihani wa kidato cha nne, na mwalimu mkuu hatakubali spika karibu na chumba cha mtihani. Tarehe 9 Desemba ina uzito wa Uhuru, ila shule zimefungwa.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wao wana 7 Aprili. Ndiyo siku aliyofariki Josina Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji, hapo Dar es Salaam mwaka 1971, akiwa na miaka 25, na Msumbiji wameifanya Siku ya Mwanamke. Wanavaa vitenge vya kufanana kama sisi. Josina alipata mafunzo hapa hapa Nachingwea, kwa hiyo shule ya Nachingwea inayotafuta shujaa wa kike aliyekanyaga udongo wao isiende mbali.

Sasa wewe uko wapi?

Mwalimu mwenye wiki mbili na darasa la watoto 70: acha igizo, huna muda. Fanya shindano la hotuba ndani ya darasa na ile sauti ya kusoma tarehe. Ukiwa na muhula mzima na klabu ya watu kumi, wapeleke kwa bibi zao, kisha igizo litokane na walichosikia.

Kikundi chenye wanachama wenye vipato tofauti sana kisikubali sare ya kununua, hata kama wenye nazo watapiga kelele. Kanga ya sandukuni, au mfuko. Kama mko kwenye msimu na kila mtu ameshalipwa korosho zake, na mnataka sare, nunueni. Tengeni tu fungu la wale tisa kabla ya kwenda dukani.

Ukiwa na bibi anayeumwa, usisubiri kikundi wala tarehe. Nenda Jumamosi hii.

Kata au halmashauri inayoandaa umati wa 8 Machi haiwezi kukwepa maandamano, na si lazima iyakwepe. Ikate dakika kumi za utambulisho, impe msichana mmoja kipaza sauti.

Sisi 28 bado hatujapiga kura. Wengi wanavutwa na mfuko, mimi navutwa na Kitunda, na mwenyekiti bado ana sampuli ya kitenge kwenye mkoba wake.

Na mzazi uliyeletewa barua saa mbili usiku kwamba kesho mtoto aje amevaa kama Bibi Titi, hakuna haja ya kugombana na shule. Mfunge kanga. Kufunga ushungi wa mtoto asiyetulia kunachukua dakika tano, na ndani ya dakika hizo mwambie mambo matatu: alikuwa mwimbaji, aliwaita wanawake wakaja kwa maelfu, alifungwa gerezani kisha akatoka. Mwache ayarudie mwenyewe mpaka pindo lisimame.